Kuosha gari bila kuikwaruza: mambo ya kujua kwa wenye gari wa Goma, Bukavu na kwingine

Siku ya posho, muchana, ku mahali pa kuoshea magari pa muji wa Goma, foleni inakuwa ndefu. Kesho yake kuna misa, kuna harusi, kila mutu anataka gari yake ingae. Kijana anamwaga maji kidogo, anachukua eponji iliyofanya kazi tangu asubuhi, anaitia ndani ya ndoo ambayo maji yake imekwisha kugeuka rangi ya udongo, na anaanza kusugua. Dakika kumi na tano, kazi imekwisha. Gari inangaa.

Kesho yake jua inapiga ku kapo, na mwenye gari anaona mistari midogo ya kuzunguka, kama vile utando wa buibui. Anadhani ni sabuni iliyobakia. Anapanguza, haitoki. Ile si uchafu. Ni mikwaruzo, na imeletwa na ile kazi ya kuosha yenyewe.

Watu wengi wanafikiri gari inaharibika kwa kukosa kuoshwa. Ni kweli, lakini gari nyingi zinaharibika pia kwa kuoshwa vibaya. Kwa mutu aliyenunua gari kwa feza ya miaka mingi ya kazi, ao kwa shofere wa taxi anayelisha jamaa na gari ya mwengine, jambo hili si la urembo tu. Rangi ikiisha, kutu inaingia. Kutu ikiingia, bei ya gari inashuka. Na maji ikiingia pasipofaa, gari inaweza kukataa kuwaka.

Rangi ni nyembamba kuliko unywele

Rangi ya gari si kitu kimoja. Chini kuko chuma, ao plastike kwa bampa. Juu yake kunapakwa tabaka ya kwanza ya kushikisha rangi, kisha rangi yenyewe, na mwisho verni, ile inayofanya gari ingae kama kioo. Ku gari nyingi, tabaka hizi zote pamoja zina unene wa karibu milimita 0,1 tu. Verni peke yake iko karibu milimita 0,04 mpaka 0,05. Unywele wa kichwa cha mutu uko karibu milimita 0,07. Ni kusema, verni yenye kulinda gari yote ni nyembamba kuliko unywele mumoja.

Muchanga ukisuguliwa juu ya verni unaacha alama. Alama moja haionekani. Alama mia moja zinaonekana, na zinafanya rangi kuwa kama yenye ukungu, zaidi kwa gari nyeusi ao ya bluu nzito. Fundi wa rangi anaweza kuondoa mikwaruzo hiyo kwa polishi na mashini, lakini polishi inafanya kazi kwa kukata verni. Kila mara inakata kidogo. Gari haiwezi kupigwa polishi ya namna hiyo kila mwaka. Siku moja verni inaisha, na pale inaomba kupaka rangi upya.

Vumbi ya volkano na matope mekundu

Muji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ikashuka tena na kusimama ukingoni mwa muji. Mawe hayo meusi ndiyo yanapasuliwa kwa kujenga nyumba na kusawazisha barabara. Magari yanapita juu yake, yanayasaga, na vumbi inapanda.

Vumbi hii haifanani na udongo wa shamba. Lava ikipoa kwa haraka, sehemu yake inageuka kioo. Kwa hiyo ndani ya vumbi ya Goma kuna vipande vidogo sana vyenye ncha, vigumu kuliko verni ya gari. Kupanguza gari kavu yenye vumbi hiyo, hata kwa kitambaa laini, ni kama kuipitisha karatasi ya msasa. Desturi ya kupiga-piga gari na kitambaa asubuhi mbele ya kwenda kazini ndiyo inaharibu rangi nyingi kuliko mvua.

Kioo ya mbele nayo iko katika hatari hiyo. Kuwasha vipanguzio juu ya kioo kavu yenye vumbi kunachora mistari ya nusu duara ambayo usiku, taa ya gari ingine ikipiga, inamfunga shofere macho. Mwaga maji kwanza, kisha washa.

Kuna tena moshi wa volkano. Unabeba gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua, maji inakuwa na asidi. Wakulima wa kandokando ya volkano wanajua namna majani ya mimea yanaungua. Matone hayo yakikauka juu ya kapo, asidi inabaki pale na inakula verni polepole. Nyuma ya mvua ya namna hiyo, kumwagia gari maji safi tu, bila sabuni, inasaidia sana.

Bukavu, Butembo ao Beni, taabu ni ingine: udongo mwekundu. Wakati wa mvua unashika chini ya gari na ndani ya nafasi za pine kama saruji. Unashika maji, na chuma inakaa na unyevu siku nyingi. Kutu ya gari nyingi inaanza pale, mahali ambapo hakuna mutu anaangalia. Anayeosha mulango na kapo na kuacha matope chini ameosha gari kwa macho ya watu, si kwa maisha ya gari.

Maji gani, na saa gani

Maji ya mvua iliyokusanywa vizuri ku siterne ni nzuri kwa kuosha, ju haina madini mingi. Maji ya bomba inafaa vilevile. Maji ya ziwa Kivu ina madini nyingi iliyoyeyuka ndani yake. Ikikauka juu ya gari inaacha madoa meupe ya mviringo, na jua ikiyapika siku nyingi yanakuwa magumu kutoa. Mwenye kuwa na maji ya ziwa peke yake anaweza kuosha nayo, lakini asiache ikauke yenyewe: apanguze mara moja. Madoa yakiisha kushika, vinegre nyeupe iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, inaweza kuyatoa. Kisha kumwagia maji mingi.

Gari isioshwe kwenye jua kali, ao wakati kapo ingali na moto wa moteri. Sabuni inakauka mbele ya kuondolewa, na inaacha alama. Saa nzuri ni asubuhi mapema ao jioni, ao chini ya kivuli. Lakini si chini ya muti unaotoa utomvu.

Sabuni: hapa ndipo watu wengi wanakosea

Sabuni ya unga ya kufulia nguo imetengenezwa kwa kutoa mafuta na jasho ku nguo. Ku gari, inatoa pia wax yenye kulinda verni, na inakausha mipira ya milango na vioo. Punje zake zikikosa kuyeyuka vizuri zinakwaruza. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haikwaruzi, lakini nayo inatoa wax. Mara moja haitaua gari. Kila juma, verni itabaki bila kinga.

Inayofaa ni shampuu ya gari. Haina ukali, inafanya povu yenye kuteleza, na povu hiyo inabeba muchanga bila kuusukuma ndani ya rangi. Kifuniko kimoja ao viwili vinatosha ndoo moja, kwa hiyo chupa moja inadumu. Anayekosa shampuu kabisa, ni heri atumie maji mingi safi peke yake kuliko sabuni kali.

Kuna desturi ingine ya kupaka mazutu ao petroli ku plastike, ku pine na hata ku moteri ili ingae. Inangaa kweli, kwa siku moja. Kisha vumbi inashika pale kama gundi. Mazutu inalainisha na kupasua mipira, na juu ya moteri yenye moto ni hatari ya kuungua. Desturi hiyo inafaa kuachwa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwa gari ndogo, bidoni tatu ao nne za litre 20 zinatosha ikiwa kazi inafanywa kwa utaratibu. Vyombo ni hivi: ndoo mbili, glovu ya kuoshea ya mikrofibri ao kitambaa laini chenye manyoya, kitambaa kingine cha majanti peke yake, na kitambaa kikubwa kikavu cha kupanguzia.

1. Mwaga maji kwanza, usiguse. Anza juu, shuka chini. Lengo ni kuondoa muchanga na vumbi mbele kitambaa hakijagusa rangi. Matope makavu yapewe dakika tano za kulowa, kisha mwaga tena. Hatua hii ndiyo inaokoa rangi kuliko zote.

2. Anza na pine na majanti. Ndipo penye uchafu mubaya: vumbi ya chuma inayotoka ku fren, grisi, mawe madogo. Tumia kitambaa chake peke yake. Kitambaa kilichopita ku janti kisipande tena ku kapo. Lakini kama gari imetoka safarini sasa hivi, ngojea fren zipoe. Maji baridi juu ya diski yenye moto inaweza kuipinda, na shofere atasikia usukani unatikisika kila anapofunga fren.

3. Ndoo mbili. Ya kwanza ina maji na shampuu. Ya pili ina maji matupu. Chovya glovu ku shampuu, osha sehemu moja, kisha isafishe ku ndoo ya maji matupu mbele ya kurudi ku shampuu. Muchanga unabaki chini ya ndoo ya pili. Ukiangalia mwisho chini ya ndoo hiyo, utaona kile ambacho kingekuwa juu ya rangi yako.

4. Toka juu kwenda chini. Paa, vioo, kapo, milango, na mwisho sehemu za chini ambazo zina muchanga zaidi. Pitisha mukono kwa mustari ulionyooka, bila kukandamiza. Kuzungusha ndiko kunaacha utando wa buibui.

5. Kitu kikianguka chini, kisirudi ku gari. Eponji iliyogusa mawe ya Goma imekwisha kuwa msasa. Ioshwe sana, ao ibadilishwe.

6. Mwaga maji ya mwisho, kisha panguza. Weka kitambaa kikubwa juu ya rangi na ukivute polepole, ao kilaze tu kinywe maji. Fungua milango, kapo na mulango wa nyuma, panguza ndani ya kingo. Maji inayobaki pale ndiyo inaleta kutu. Angalia tena matundu madogo chini ya milango: yakizibwa na matope, maji inakaa ndani ya mulango.

Mavi ya ndege na wadudu waliokauka ku bampa havikwanguliwi kwa ukucha. Weka juu yake kitambaa chenye maji kwa dakika kidogo, kisha inua. Mavi ya ndege isiachwe siku mbili: inaacha alama ndani ya verni.

Mara moja kwa miezi miwili ao mitatu, kupaka wax nyuma ya kuosha ni kazi nzuri. Maji inakuwa inateleza kama matone, na vumbi haishiki sana.

Mashini ya maji ya nguvu

Wengi wanaiita karsheri. Inasaidia sana kuondoa matope chini ya gari na ndani ya nafasi za pine. Lakini karibu na rangi inaweza kuibandua, zaidi pale ambapo rangi imekwisha kupasuka ao imepakwa upya ku garaji. Mudomo wa mashini ukae sentimita 30 ao zaidi mbali na rangi, na maji itoke kama upepeo, si kama musumari. Usiipige moja kwa moja ku mipira ya milango, ku upande wa pine, ku taa zenye kupasuka, wala ku tundu za kufuli.

Radiatere ina mapezi membamba ya aluminiyumu. Maji ya nguvu inayapinda, na mapezi yakilala hewa haipiti, moteri inapanda moto. Matope ya pale yanaoshwa kwa maji ya polepole, moteri ikiwa imepoa, na ni heri maji itoke upande wa moteri kwenda inje ili isukume uchafu pale ulipoingilia.

Kuhusu moteri yenyewe, neno ni fupi: kama haina sababu, usiioshe. Gari za siku hizi zina kompyuta, waya na vichomeo vya umeme kila mahali. Ikiombwa kweli, moteri iwe baridi, batri ikatwe, alternatere, sanduku la fizibo na mahali pa kuvutia hewa vifunikwe na mifuko ya plastike, na kazi ifanywe na kitambaa na burashi, si karsheri. Ndani ya gari ni vilevile: kumwaga ndoo ya maji chini ya viti kunaozesha zulia na kunagusa waya, kati yazo zile za erbagi. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Wenye moto nao wajue: maji ya nguvu ku ekseli za magurudumu inafukuza grisi, na munyororo uliooshwa bila kupakwa mafuta unakula meno haraka.

Ikiwa gari ni ya sport

Gari ya sport inaoshwa kwa njia hiyo hiyo, lakini inaomba uangalifu zaidi. Iko chini, kwa hiyo mawe madogo yanapiga bampa na kingo za chini mara nyingi, na rangi ya pale inapasuka kidogo kidogo. Karsheri ikipigwa pale inaweza kuinua kipande kizima. Fren zake ni kubwa na zinapata moto mingi, basi zingojewe zaidi. Majanti yake mara nyingi yana mapambo membamba: asidi ya kusafishia, ile inayouzwa ku chupa bila jina, inayageuza meupe mara moja na hayarudi.

Kuna zile zenye rangi isiyongaa, inayoitwa mati. Hizo hazipakwi wax ya kawaida wala polishi hata siku moja. Ukizisugua, pale uliposugua panaanza kungaa, na hakuna dawa isipokuwa kupaka rangi tena. Zinaoshwa kwa shampuu laini, kwa mukono, na kukaushwa bila kusugua.

Nyuma ya kuosha: fren

Gari ikitoka ku maji, fren zina maji. Mara ya kwanza ya kufunga, gari inaweza kuchelewa kusimama. Ku muteremuko wa Bukavu, kuchelewa huko ni ajali. Mbele ya kuingia barabarani, tembeza gari polepole na ukanyage fren kwa ulaini mara tatu ao ine, mpaka usikie inashika sawasawa. Gari ikilala inje nyuma ya kuoshwa bila fren kukaushwa, diski zinapata kutu nyepesi. Inatoka kwa kufunga fren mara chache.

Maji chafu inaenda wapi?

Kuingiza gari ziwani ao mutoni mpaka katikati ya pine inaonekana kuwa rahisi: maji ni ya bure na iko mingi. Lakini gari haitoi tu vumbi. Inatoa mafuta ya moteri, grisi, vumbi ya fren na sabuni. Mita kidogo kutoka pale, mutoto anajaza bidoni ya maji ya kupikia na ya kunywa. Jamaa nyingi za Goma na za vijiji vya ziwa Kivu hazina maji mengine. Kongo ina sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 juu ya kulinda mazingira, na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 juu ya maji. Zote mbili zinataka maji ilindwe. Gari yenyewe haipati faida: maji ya ziwa ikiingia ku ekseli inachanganyika na grisi, na fundi ndiye atakayekula feza ile iliyookolewa.

Ni heri gari ioshewe mbali na maji, ku mahali penye shimo la kunywa maji chafu, na mafuta ya moteri yasimwagwe pale hata kidogo.

Kusikilizana na muoshaji

Vijana wanaoosha magari wanafanya kazi ngumu kwa bei ndogo, na wengi wanalipwa kwa hesabu ya gari walizomaliza. Ndiyo maana wanafanya haraka na maji inabadilishwa kwa kuchelewa. Mwenye gari anayetaka kazi nzuri asingojee mwisho ili apige kelele. Aseme mwanzo, kwa heshima: « Mudogo wangu, nitakuongezea kidogo, lakini ubadilishe maji, umwagie kwanza mbele ya kusugua, na kitambaa cha majanti kiwe cha majanti. » Anaweza pia kuja na glovu yake na shampuu yake ndani ya gari. Na muoshaji anayefanya hivyo bila kuambiwa, wateja wanamukumbuka na wanarudi.

Ndoo ya pili na bidoni moja zaidi ya maji zina bei ndogo kuliko polishi, na polishi ina bei ndogo kuliko rangi mupya. Anayetaka kujua kama gari yake inaoshwa vizuri aiangalie siku ya Mungu asubuhi, inje, jua ikipiga ku kapo: kama utando wa buibui hauonekani, kazi ya siku ya posho ilikuwa nzuri.